Nyumba ya Mji Mkongwe: nionyeshe kibali cha ukarabati kwanza

Madalali wa Mji Mkongwe, Unguja, wana kauli wanayoipenda: "Hii imeshakarabatiwa, wewe ni kuhamia tu." Nikiisikia huuliza imekarabatiwa kwa kibali gani. Hati itanambia nani anauza. Haitanambia fundi kafukia nini ukutani.

Kuta za huku ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani na chokaa inalegea taratibu, huku nje ukuta umenyooka na rangi inang'aa. Ndiyo maana mimi nadai hata risiti za dukani. Nikiona mifuko na mifuko ya saruji, bei nayo ishuke.

Kisha boriti. Ni za mikoko, na urefu wake ndio uliopanga vyumba viwe vyembamba. Sasa mtu kaongeza choo juu na kupandisha tangi la lita 1,000. Hayo maji peke yake ni tani nzima. Mhandisi gani aliidhinisha? Bomba limepita wapi? Likivuja, ncha ya boriti inaoza mle mle ukutani, usipoweza kuiona.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Basi "hatukujua kama kibali kinahitajika" si jibu. Ghorofa isiyokuwamo kwenye kibali, ukishanunua, kesi yake ni yako.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883 hapo hapo Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Hilo ni jengo linalotazamwa na nchi nzima, sembuse nyumba ya uchochoroni iliyotengenezwa kimyakimya.

Naambiwa wazee walijenga bila makaratasi. Ni kweli, ila fundi wao alikuwa mtu wa mtaani, unamfuata barazani unamuuliza. Wa leo hata simu hapokei.

Makaratasi yakikosekana, si lazima uikimbie nyumba. Leta mhandisi anayeijua chokaa, mtoboe lipu kwenye ncha za boriti, hasa chini ya choo, kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikataa kutobolewa, mimi naaga.