Mnara wa Chumbe na matumbawe yake

Atokaye Dar es Salaam kwa boti kwenda Unguja hupita karibu na kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho mnara wake wa taa umechomoza kupita vilele vya miti tangu Waingereza walipoujenga mwaka 1904. Mwaka 1926 taa hiyo ilifungwa mtambo wa gesi ya asetilini. Wageni wengi husimuliwa hayo mawili, wakapiga picha, wakaenda zao kuogelea. Mimi naona wamepitwa na kisa chenyewe.

Chumbe ipo kando ya njia ya meli, na kwa miaka mingi wavuvi walikatazwa kukaribia wasije wakazuia vyombo vikubwa. Tena pwani inayokielekea kisiwa ilikuwa uwanja wa jeshi wa kufanyia mazoezi ya shabaha. Hakuna aliyekuwa akiyafikiria matumbawe. Hata hivyo, mwamba wa upande wa magharibi ulisalimika, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi, inayosimamiwa hadi leo na kampuni binafsi iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller. Baadhi ya wavuvi wa vijiji jirani walifundishwa kazi ya ulinzi wa hifadhi. Kwa hiyo njia ile ya meli, iliyowekewa mnara, ndiyo iliyoyakinga matumbawe bila kukusudia, na sasa matumbawe ndiyo yanayowaleta wageni ambao fedha zao hukitunza kisiwa.

Nyumba ya mlinzi wa taa, iliyokuwa imebaki gofu, ilifufuliwa ikawa kituo cha wageni chenye paa kubwa la makuti. Uamuzi huo naukubali kwa moyo wote, kwani nyumba ya pwani isiyokaliwa na watu haina maisha marefu: chumvi hula chuma, mvua hulegeza chokaa, na mizizi humalizia kazi.

Ninalolalamikia ni jingine. Habari za kaa wa minazi na paa nunga, yule swala mdogo adimu, husimuliwa kwa kirefu, ilhali mlinzi wa taa hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba taa ilijiwasha yenyewe. Karibu na nyumba ile upo msikiti mdogo uliojengwa kwa mtindo wa Kihindi kwa ajili ya walinzi hao, maana yake hapa palikuwa na mtu aliyetia udhu, akaswali, akakesha akitazama bahari. Wazee wenye kumbukumbu za kazi hiyo wanazidi kupungua, nasi tungali tukijadili rangi ya kupaka ukuta. Wahojiwe sasa, kwa Kiswahili, na maneno yao yawekwe palepale chini ya mnara.

Nilipopanda ngazi zake 131, nilifika juu nikihema, mikono imejaa vumbi la chokaa. Huko chini mstari wa mwamba ulionekana wazi, maji ya kijani upande wa ndani na ya buluu nzito upande wa nje, na ngalawa mbili zikipita mbali kidogo nje ya mpaka wa hifadhi.