Ile video ya "nakufa" ni mimi, tulieni niwaeleze

Haya wadau, kwa kuwa yule jamaa wa Tanga ameshairusha ile video nimebeba kitu cha dhahabu begani na mtaa mzima unaimba nakufa, kwenye magrupu yote ya Wabongo tulioko Japani, na grupu la ukoo wetu sijui imefikaje, bora nieleze mwenyewe maana kile kipande kinaanzia pabaya. Bega la kulia bado limevimba, natype kwa mkono wa kushoto, makosa ya herufi mtanisamehe.

Kijapani changu mnakijua. Programu ya kwenye simu, nasomea kwenye treni, zile herufi 46 za hiragana nimezimaliza, za katakana nazisoma zikiwa zimetulia, kanji, zile herufi za Kichina, tusiongee. Chuoni tunasoma kwa Kiingereza kwa hiyo Kijapani natumia dukani na pale tunapotupa takataka basi. Na pale kwenye takataka kuna mzee mmoja wa mtaa, kila asubuhi yupo kuhakikisha siku ya plastiki mtu haleti za kuchoma. Ndo mwalimu wangu wa mazungumzo huyo. Anasema atsui desu ne, joto eh, namjibu atsui desu ne, tunainamishiana vichwa, naondoka najiona mwenyeji kabisa.

Sasa siku hiyo akaniongelesha marefu. Nikadaka nichiyoubi, Jumapili. Nikadaka asa, asubuhi. Nikadaka matsuri, yaani sherehe, na biiru, hiyo hata wewe umeielewa. Katikati kulikuwa na maneno mengi tu yakapita yakaenda zake, mi kila akivuta pumzi naitikia hai, hai, yaani ndiyo, ndiyo, maana wale wa YouTube wanasema Mjapani akiongea usikae kimya utaonekana humsikilizi. Mwisho akauliza kitu chenye senchi ndani. Nikajua ni urefu, nikamwambia hyaku hachijuu hachi, 188. Akaangalia miguu yangu, akacheka mpaka akashika nguzo. Kumbe kauliza saizi ya kiatu, huku viatu vinapimwa kwa sentimita. Nikamalizia na ganbarimasu, nitajitahidi, nikimaanisha nitajitahidi kula.

Jumapili nikaenda sijanywa hata chai, nimeacha nafasi. Nafika nakuta wazee wamevaa vijikoti vya bluu vyenye maandishi mgongoni na kaptula nyeupe zinazobana, na katikati yao kuna mikoshi. Kwa asiyejua, hicho ni kinyumba cha mungu wao, mbao na marembo ya dhahabu, kimefungwa juu ya magogo marefu, kinazungushwa mtaani kwenye mabega ya watu. Nikaanza kupiga picha. Mzee wangu akanifuata na kijikoti kimekunjwa vizuri, na viatu vya kitambaa vilivyotenga kidole gumba, saizi kubwa kuliko zote alizopata na bado kisigino kikabaki nje. (Baba mdogo najua unasoma na wewe ni mzee wa kanisa, hilo tutaliongea nikirudi.)

Kabla ya kunyanyua kuna kupiga makofi. Mkuu wao akaita iyooo, watu wote wakapiga kofi moja, pa! Moja tu. Kimya. Mimi mtoto wa Kibongo, nimelelewa na maMC wa harusi, nikaendelea pa pa pa pa na kigelegele juu. Wakageuka wote. Hapo ndo yule wa Tanga akatoa simu mfukoni.

Sasa hapa nisikilizeni taratibu. Kile kitu mnanyanyua kwa pamoja, na wenzangu wote mabega yao yanaishia kifuani kwangu. Gogo likaja likatua. Halikutua kwetu, limetua kwangu! Mbele yangu kuna babu bega lake halijagusa kitu, kati yake na gogo kuna upenyo naona mpaka ng'ambo, na yeye ndo anaimba wasshoi wasshoi kwa sauti kuliko wote. Nikikunja magoti natembea kama bata, nikinyooka mzigo wote wangu. Na hawatembei tu bana, wanakirusharusha, eti mungu anafurahi akitikiswa, kwa hiyo kila wasshoi gogo linapanda kidogo linarudi palepale, mfupa uleule. Na jua la Saitama mwezi wa saba. Msiniambie mtu wa Dar unalalamika joto, mkoa huuhuu mji wa Kumagaya mwaka 2018 walifika nyuzi 41.1.

Nikasema niombe kushushwa. Natafuta neno la kuumia, hakuna. Itai, neno la watoto wa chekechea, limeondoka. Kichwani imebaki sentensi moja ya somo la mwanzo. Nikamgeukia babu wa pembeni, jasho linaingia machoni, nikamwambia kwa adabu zote: sumimasen, eki wa doko desu ka? Samahani, stesheni iko wapi? Na yule babu bila kukosea hatua akanielekeza! Massugu, nyoosha, wasshoi, halafu migi, kulia, wasshoi. Nimeelewa jibu lote, neno kwa neno, mara ya kwanza tangu nianze hii lugha.

Tulipofika kona ya duka la tofu gogo likapanda juu kweli, likashuka. Nikapiga kelele NAKUFAAA! Lugha sikuchagua. Mtoto mmoja wa pembeni, Mungu amlaze mapema leo, akaitikia nakufa! Wa nyuma wakapokea, wa mbele wakapokea, mwenye filimbi akaniangalia akatabasamu akaanza kupuliza kwa mdundo huo. Nakufa! Nakufa! Mtaa mzima! Kuna bibi kasimama mlangoni na kipepeo chake cha karatasi anapepea, nakufa, nakufa. Mtu pekee aliyeelewa pale ni wa Tanga, na pale video inapoonyesha lami tu ujue kalala chini anacheka.

Mengine ni mafupi. Tukafika, kofi moja (safari hii nikapiga moja), bia, onigiri, barafu begani, picha na kila familia. Nundu ya bega wazee wakaja kuishika mmoja mmoja wakinipongeza, eti wabebaji wa kweli wote wanayo.

Jana usiku mama kapiga. "Mwanangu nimeona video. Nani kafariki?"

Hajafariki mtu mama, ile ni sherehe.

"Mmebeba jeneza la dhahabu mnalia nakufa, unaniambia sherehe?"

Ikabidi nimweleze yote, kuanzia takataka. Akanyamaza weee. Halafu: "Haya, wamekulipa shilingi ngapi?"

Hawalipi mama, wamenipa wali wa kushika na mkono.

Nikamsikia anamwita shangazi, "Njoo, njoo usikie mwenyewe, mi nikisema hamtaniamini."