CD za Taarabu ya Tanga na Spika za Hali ya Juu: Ubora Uko Wapi?

Baadhi ya wapenzi wa muziki hapa Tanga wenye amplifaya na spika za hali ya juu hushikilia kwamba vyombo hivyo vinastahili CD za jazi na za okestra za Ulaya, kwa sababu taarabu na dansi letu la zamani lilirekodiwa kwa maikrofoni chache na mara nyingi kwa mono, yaani sauti ya njia moja isiyotenganisha spika ya kushoto na ya kulia. Wengine hujibu kwamba wimbo ni maneno na sauti ya mwimbaji, kwa hiyo CD yoyote iliyochomwa mtaani inatosha.

Hoja ya kwanza ina ukweli wake, maana CD za nje zilizorekodiwa kwa uangalifu huonyesha vizuri uwezo wa spika. Hata hivyo, CD kutoka nje si lazima iwe nzuri. Tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, CD imeweza kubeba tofauti ya takribani desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, lakini kuanzia miaka ya 1990 watayarishaji wengi waliiminya tofauti hiyo ili nyimbo zisikike kwa nguvu zaidi, hata mnong'ono ukakaribia kulingana na ngoma. Uchovu wa kusikiliza CD za namna hiyo huonekana zaidi katika spika nzuri kuliko katika redio ndogo. Maikrofoni chache, kwa upande mwingine, si kasoro: wanamuziki wakipiga pamoja katika chumba kimoja, kila chombo husikika mahali pake, karibu au mbali, hata katika mono.

Hoja ya pili ndiyo inayonisikitisha, kwa kuwa inajipinga yenyewe. Ikiwa taarabu ni maneno, tena maneno ya mafumbo, basi msikilizaji anahitaji kuipata kila silabi. CD nyingi za kuchomwa hutokana na mafaili ya MP3 yaliyobanwa sana, na kilichopotea katika kubanwa hakirudi kwa kuandikwa upya kwenye CD. Matari huwa na mkwaruzo, na pumzi ya mwimbaji hupotea.

Kwa maoni yangu, swali la kuuliza kabla ya kununua ni kama CD ilitokana na kanda asilia, yaani kanda ya kwanza ya kurekodia. Mfano ulio karibu nasi ni Nyota, mkusanyiko wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapahapa Tanga, uliotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1989, kabla mtindo wa kuminya sauti haujashamiri. Mfululizo wa CD wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa nao unafaa kutafutwa. Jalada lenye maelezo ya chanzo cha rekodi ni dalili njema, ingawa halitoshi. Toleo jipya la albamu ileile lilinganishwe na la zamani kwa kiwango kilekile cha sauti, kwa sababu lenye kelele zaidi hudhaniwa haraka kuwa bora.

Bei ni kikwazo cha kweli, na CD hizi hazipatikani kirahisi. CD iliyotumika yenye mikwaruzo midogo kwa kawaida hucheza bila tatizo, kwa kuwa kicheza CD husahihisha makosa madogo ya usomaji. Faili la FLAC, yaani lililobanwa bila kupoteza sauti yoyote, likitokana na CD asilia nalo halipungukiwi na chochote, na kwa mwenye kipato cha kawaida ningelipendekeza kabla ya kubadilisha waya wa spika.