Kilichotushinda si farasi, ni njia

Kila ikifika Agosti, simu za Waswahili walioko Uingereza hujaa picha za aina moja: vilima vilivyogeuka zambarau, nyumba ya mawe ya mkulima, na mtu wetu juu ya farasi amekaza meno akijifanya anatabasamu. Nyumbani wanaziona, wanauliza: hicho ni kitu gani ambacho Lushoto, Njombe au Mufindi hawana? Wengi hujibu kwamba hatuna farasi, au hatuna pesa. Mimi nashikilia kwamba tunachokosa ni njia, na juu ya hapo tunaona haya kumtoza mgeni.

Tuchukue Exmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, sehemu Somerset na sehemu Devon. Ni hifadhi ya taifa tangu 1954, ila usiifikirie Mikumi. Humo ndani watu wanalima, wanafuga kondoo, wana makanisa na baa, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kilima kirefu kuliko vyote, Dunkery Beacon, kina mita 519. Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, kimo hicho umeshakipita kabla hujafika Soni. Kwa hiyo milima si hoja.

Biashara yenyewe ya kulaza wageni ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mkulima ana vyumba viwili vitatu vilivyobaki wazi baada ya watoto kuhama. Anavitandika, analaza wageni, asubuhi anawapikia, basi. Sheria nayo imemlegezea kamba: akiishi mwenyewe humo, asipokee zaidi ya watu sita kwa wakati mmoja, na shughuli ikabaki sehemu ndogo tu ya nyumba yake, halipi kodi ya majengo ya biashara. Anachotakiwa ni kujiandikisha halmashauri kama mtu anayeuza chakula, siku 28 kabla ya kuanza, na kufanya tathmini ya hatari ya moto.

Kwetu mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hata jembe atapewa, lakini bei haitajwi. Mgeni wa kulipa anapelekwa gesti, kwenye dirisha dogo lenye risiti. Kumwambia mtu aliyelala chini ya paa lako "ni shilingi kadhaa, mama" kunaonekana ni ukosefu wa adabu. Mzungu wa Exmoor anakwambia bei huku anakumiminia chai, wala hakuna anayeona ajabu.

Wanaokwenda mara ya kwanza hukosea yale yale. Mapokezi kwa kawaida ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mwenyeji ana mifugo ya kulisha na si mtu wa kukaa kaunta. Ukichelewa, piga simu kabla hujateremka mabondeni, maana huko mtandao hukatika. Treni kutoka London Paddington hadi Taunton ni kama saa mbili tu, lakini kutoka hapo mabasi ni ya kuhesabu, na Jumapili vijiji vingi havioni hata moja. Chakula cha jioni hakimo kwenye bei. Utakula baa ya kijijini, ambako jiko mara nyingi hufungwa kama saa tatu usiku, na Jumapili jioni huenda lisiwashwe kabisa. Beba mkate wako.

Asubuhi utaletewa mayai, soseji, nyama ya nguruwe, maharage ya kopo, nyanya, uyoga na mkate wa kuoka. Kile kipande cheusi cha duara ni damu ya nguruwe, usidanganyike na harufu. Kwa Mwislamu tatizo haliko kwenye sahani peke yake, liko kwenye kikaango, maana vyote hivyo hupita mle mle. Sema siku ya kuweka nafasi, usingoje mezani: omba mayai ya kuchemsha, samaki wa moshi, au uji wa oti. Wenyeji hawakasiriki. Wanachochukia ni kuambiwa wakati mafuta yameshachemka.

Sasa farasi. Kituo cha kupandia farasi kitakuuliza uzito, nacho huhesabu kwa stoni. Stoni moja ni kilo 6.35. Vingi vinaishia kati ya stoni 14 na 16, yaani kilo 89 hadi 102. Hawakudharau. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 500 anabeba 100, na tandiko peke yake linaweza kula kilo nane. Watu wetu hupenda kupunguza kilo kwenye simu, kisha wanakutana na mzani uani. Hapo hupandi, na pesa huenda isirudi.

Kofia utaazimwa, ya baiskeli haifai, na iliyowahi kupigwa chini mtu akaanguka haivaliwi tena. Viatu viwe na kisigino cha sentimita mbili hivi. Raba bapa hupenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, na ukianguka mguu umenasa utaburutwa. Jinzi nene yenye mshono wa ndani nayo itakuchuna magoti kabla ya saa la pili.

Kabla ya kupanda, pima urefu wa vikuku: gusa kwa ncha za vidole pale ukanda wake unapoanzia kwenye tandiko, na chuma kifike kwapani. Panda kutoka kwenye jiwe au ngazi, kwa sababu kujivuta kutoka chini kunapotosha tandiko na kumuumiza mnyama mgongo. Halafu kuna jambo ambalo mgeni halijui: farasi wengine wanapofungwa mkanda wa tumboni hujaza tumbo. Mkanda unaonekana umekaza, kumbe haujakaza. Baada ya dakika tano au kumi za kutembea lazima ukazwe tena. Ukisahauliwa, tandiko huzunguka taratibu, na mpandaji huzunguka nalo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kushika hatamu kama kamba ya kujiokolea. Hatamu inaishia kwenye lijamu, na lijamu iko mdomoni. Ukiogopa shika nywele za shingo, hazimuumi. Mkianza kwenda matiti, ule mwendo wa kudundadunda, inuka na ukae kwa kufuata hatua zake. Ukikaa kama gunia utapigwa wewe na utampiga yeye. Acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja mbele yako, la sivyo utapata teke. Na usivutwe na kijani kibichi kizuri kando ya njia: pale Exmoor, kijani cha kung'aa mara nyingi ni kinamasi.

Njia hiyo ndiyo ninayoionea wivu. Mshale wa bluu kwenye kigingi maana yake farasi, baiskeli na waendao kwa miguu. Wa njano ni miguu tu. Sheria ya mwaka 2000 iliwafungulia watembeaji nyika kubwa, lakini haki hiyo hakupewa mtu wa farasi, hivyo nje ya barabara na njia zinazoruhusu farasi anategemea ruhusa ya mwenye ardhi. Njia hizi zimo kwenye ramani rasmi za halmashauri, kazi iliyoanzishwa na sheria ya 1949. Shamba likiuzwa mara kumi, njia inabaki. Mwenye shamba akitia kufuli getini, halmashauri inaweza kumlazimisha alifungue. Mgeni naye analiacha geti alivyolikuta: wazi likiwa wazi, limefungwa likiwa limefungwa, maana kondoo hawasamehe.

Nyumbani, farasi ndiye wa mwisho kufikiriwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, huua wengi mno, na punda milia hubeba virusi vyake bila hata kukohoa. Ongeza mbung'o na kupe. Ndiyo maana farasi wetu wamejikusanya zaidi nyanda za juu kama Laikipia, Naivasha na kuzunguka Arusha, kwa watu wanaomudu chanjo, daktari, fundi wa kwato kila wiki sita hadi nane, na kilo kumi hivi za nyasi kavu kila siku kwa kila mnyama. Gharama hiyo haiwezi kulipwa na mwalimu wa Korogwe aliyetaka kupumzika siku mbili. Inalipwa kwa dola.

Punda je? Ugonjwa ule kwa kawaida haumwangushi, na njia anazijua. Asipandwe na mtu mzima. Kilo 50 zinamtosha. Abebe mabegi, wageni watembee. Lakini vijia vya Usambara tunavitumia kwa hisani ya wenye mashamba. Leo unapita, kesho pamepandwa kabichi, keshokutwa pana ukuta, na hakuna karatasi ya kumwonyesha mtu. Mkutano wa kijiji una uwezo wa kuviingiza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: upana wa mita mbili, mawe yaliyopakwa rangi kila njia panda, na majina ya wenye mashamba waliokubali. Hakuna mwekezaji anayehitajika kwa hilo.

Kisha vyumba viwili kila baada ya mwendo wa siku moja, chandarua kisichotoboka, choo kisafi, maji ya moto kwenye ndoo, na asubuhi chai ya tangawizi na magimbi. Bei iandikwe mlangoni kwa kalamu nene, ili mama mwenye nyumba asilazimike kuitamka.