Imani na Kahawa ya Januari

Katika vijiji vyetu vya Kagera hakuna mwezi mgumu kama Januari. Sikukuu zimemaliza akiba, shule zimefunguliwa na watoto wanahitaji sare, madaftari na michango, huku kahawa, ambayo ndiyo tegemeo la nyumba nyingi, bado ni punje za kijani zilizoshikamana na matawi. Ndipo anapopita mtu mwenye fedha taslimu. Anaitazama mibuni iliyo katikati ya migomba, anakadiria mavuno, anataja bei, na mwenye kibanja, ambaye hana pengine pa kukimbilia, anakubali kuuza leo kahawa atakayoichuma baada ya miezi mitano au sita. Biashara hiyo tunaiita butura. Imepigwa marufuku na viongozi wamekuwa wakiikemea, lakini ingalipo, kwa sababu haihitaji ofisi wala risiti. Inahitaji tu mtu mmoja aliyebanwa na shida na mwingine aliye tayari kusubiri.

Naandika juu ya butura kwa sababu mimi ni Mkristo, nimelelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na nimefikia kuamini kwamba imani yetu inaonekana hapa kuliko inavyoonekana kwenye mkesha. Kwa miaka mingi nimesikia imani ikielezwa kama uwezo wa kupokea: kupokea kazi, kupokea mchumba, kupokea uponyaji, kupokea kiwanja. Sikatai kwamba Mungu hutoa, nami nimepokea mengi nisiyostahili. Hata hivyo naona kwamba tumeusahau upande wa pili, ambao ni mzito zaidi, yaani kwamba mtu anayemtumaini Mungu kweli kweli anapaswa kuwa mtu ambaye jirani yake aliyeishiwa anaweza kumwendea bila hofu. Mimi husadiki pia kwamba anayemkamua jirani yake hufanya hivyo, mara nyingi, si kwa sababu ya ukatili, bali kwa sababu anaiogopa kesho na hana hakika kama yupo atakayemtunza.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo hili, ingawa hatulisikilizi. Imani, kuamini, mwaminifu, amana na amani ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyotufikia kutoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa salama na kutegemeka, na Amina tunayoitamka mwisho wa sala inatokana na mzizi huohuo kwa upande wa Kiebrania. Nabii Habakuki anaposema kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake, neno alilotumia, emuna, linabeba pia maana ya uaminifu, ya mtu asiyeyumba, ambaye ukimwachia kitu chako utakikuta. Kwa hiyo Mswahili hapaswi kupata shida kuelewa kwamba mtu mwenye imani ni mtu wa kukabidhiwa amana. Inakuwaje basi katika nchi inayosema lugha hii tuwe na watu wanaoitwa wenye imani kubwa ambao hakuna anayethubutu kuwakopesha, wala kukopa kwao?

Bibi yangu mzaa baba aliokoka katika miaka ya 1940, baada ya Uamsho wa Afrika Mashariki kufika Bukoba. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Biblia pamoja. Kutoka huko ulienea Uganda, ambako waliouingia waliitwa Balokole, yaani waliookoka, kisha ukavuka hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Kwetu ulimgusa hata Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu na, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mengi yamesemwa kuhusu nyimbo zao na machozi yao. Mimi hukumbuka zaidi jambo moja ambalo wazee walilisimulia bila kulipamba: walirudisha vitu. Waliokoka wakarudisha majembe, vitambaa na fedha. Wakalipa madeni ambayo wadai walikwisha kuyasahau. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alipanda baiskeli akasafiri umbali mrefu kwenda kumwomba msamaha mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Waliita maisha hayo kutembea katika nuru, na kwao nuru haikuwa nuru kama hapakuwa na kitu kilichorudi mikononi mwa mwenyewe.

Kosa la bibi lilikuwa la kahawa. Kabla ya kuokoka alikuwa akichanganya kahawa iliyokauka na ile iliyokuwa bado na unyevu, ili gunia lipate uzito mbele ya mizani. Baada ya kuokoka alikwenda kwa mnunuzi, akaeleza alichokifanya kwa misimu kadhaa, akaweka mezani fedha alizokadiria kuwa zilikuwa za udanganyifu. Mnunuzi hakujua la kufanya, kwa sababu hakuwahi kuona mshitakiwa anayejileta mwenyewe. Babu alikasirika na kumwuliza watakula nini. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza bibi alimjibu nini, akaniambia kwamba alimjibu babu hivi: "Nilipokuwa naiba nilikuwa naogopa njaa. Sasa siogopi njaa, kwa nini niendelee kuzishika fedha za watu?" Sijasikia mahubiri juu ya Mathayo 6 yaliyoniingia kama jibu hilo.

Siwezi, hata hivyo, kuisimulia historia hiyo kama hadithi ya ushindi mtupu. Rwanda, ambako moto huo uliwashwa, ndiko Watutsi walikouawa mwaka 1994 hata ndani ya makanisa waliyokimbilia, kama yale ya Ntarama na Nyamata, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo watu waliobatizwa. Imani hairithishwi kama kibanja. Bibi yangu aliniachia kumbukumbu tu, nami niliishi na kumbukumbu hiyo miaka mingi bila kunizuia kutenda nililolitenda.

Miaka michache iliyopita, mwezi huohuo wa Januari, mama mmoja mjane wa jirani alikuja nyumbani kwangu jioni. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na orodha ya mahitaji ilikuwa ndefu: godoro, ndoo, sare, viatu, madaftari. Nilikuwa na fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati. Yeye ndiye aliyetaja kahawa, si mimi, na kwa muda mrefu nililitumia jambo hilo kama utetezi wangu. Tulikubaliana magunia mawili ya kahawa ya maganda, kwa bei ambayo haikufika nusu ya ile iliyolipwa kwenye chama cha msingi cha ushirika msimu ulipofunguliwa. Usiku ule nilisali na kumshukuru Mungu kwa kunipa nafasi ya kumsaidia mjane. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na nilimaanisha kila neno la sala ile.

Mwezi wa Julai nilikwenda kuchukua magunia yangu. Alikuwa ameanika kahawa vizuri sana, imekauka na haina hata jiwe, na alinisalimia, "Bwana Yesu asifiwe, mzee," kisha akanishikia mdomo wa gunia ili nimimine. Kwenye mkeka ilibaki kahawa kidogo isiyojaza hata debe, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yake ya mwaka mzima. Niliitikia, "Amina," nikafunga gunia, nikaondoka. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Katika siku zile nilikuwa nikisoma kitabu cha Nehemia, na nilipofika sura ya tano nilitambua kwamba ilikuwa inazungumza juu ya butura. Watu wa Yerusalemu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba waliozishika rehani hizo si wageni bali ni ndugu zao Wayahudi. Hayo yanatokea wakati wote kwa pamoja wanajenga ukuta wa mji, kazi takatifu, kila mmoja na jiwe lake. Nilitufikiria sisi na michango yetu ya ujenzi wa kanisa, na sikukuu ya mavuno, ambapo kahawa hupelekwa madhabahuni pamoja na mikungu ya ndizi na kisha hunadiwa nje baada ya ibada. Ni nani kati yetu amewahi kuuliza gunia lililonunuliwa Januari linafanya nini pale mbele? Nehemia hakuwaambia wakuu wale wafunge na kuomba. Aliwaambia warudishe, siku ileile, mashamba na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka waliyokuwa wakiitoza. Wakakubali, wakaapa, na mkutano wote ukasema Amina. Nimeitikia Amina maelfu ya mara tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona kwamba katika sura ile Amina ilikuwa mhuri juu ya madeni yaliyofutwa.

Najua hoja za upande wa pili kwa sababu nilizitumia mwenyewe. Alikubali kwa hiari yake. Kama si mimi angekwenda kwa mwingine mwenye bei mbaya zaidi. Kahawa ingeweza kushambuliwa na ugonjwa au bei ingeweza kushuka, na hasara ingekuwa yangu. Hoja hii ya mwisho ina ukweli ndani yake, na mtu anayekopesha ana haki ya kurudishiwa mali yake. Lakini hiari ya mtu ambaye mwanawe atakosa shule wiki ijayo si hiari ya mtu anayeuza mbuzi akiwa ameshiba, na sheria ya Musa ililijua hilo ilipoagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo atakalojifunika usiku. Sheria ile haikuuliza kama alikubali. Iliuliza atalala na nini.

Nilichukua daftari, nikapiga hesabu ya tofauti kati ya bei niliyompa na bei ya msimu, na jumla ikanitisha. Mke wangu aliniuliza swali lilelile ambalo babu alimwuliza bibi, kwa sauti ya upole zaidi, kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na paa la jikoni lilikuwa linavuja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa nimekiri imani kwa Mungu Baba Mwenyezi huku usalama wangu nikiuweka kwenye tofauti ile ya bei. "Basi msisumbukie ya kesho," anasema Bwana, nami nilikuwa nimeyahesabu maneno hayo kuwa faraja ya wenye shida, kumbe yalikuwa yananiambia mimi, mwenye akiba, niuachie mkono wa jirani yangu. Nilipeleka fedha ile kwa mafungu mawili, kwa sababu sikuweza kuitoa yote mara moja. Jikoni kulivuja msimu mzima.

Kuna jambo moja ambalo linaniudhi katika namna tunavyolitumia neno kutumaini. Mara nyingi anayeambiwa "mtumaini Mungu" ni yule aliyeishiwa, na anayemwambia ni yule aliyekula. Yakobo aliwaandikia watu wa namna hiyo, wanaosema, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kutoa kitu, na akauliza inafaa nini. Mjane yule alikuwa na tumaini kwa Mungu kuliko mimi. Alichokosa ni ndugu wa kumkopesha bila kumpokonya mavuno, na upungufu huo ulikuwa wetu, si wa imani yake. Nadhani mahubiri juu ya kumtumaini Mungu yangepaswa, walau kwa mwaka mmoja, kuelekezwa kwa wenye mizani, wenye maduka, waajiri wa wasichana wa kazi za ndani wanaochelewesha mishahara, na sisi tunaopita vibanjani mwezi wa Januari.

Jumuiya yetu ina mfuko mdogo sasa. Kila kaya huchangia wakati wa msimu wa kahawa, na Januari tunamkopesha aliyebanwa, naye hurudisha kiasi kilekile baada ya kuuza kahawa yake mwenyewe kwa bei ya msimu. Haujawa mfuko mkubwa na haumtoshelezi kila mtu. Mwaka jana tulilazimika kuwaambia watu watatu kwamba fedha zimekwisha, na mmoja wao aliuza butura. Wapo pia wawili ambao hawajarudisha walichokopa. Mmoja wao huketi nyuma yangu kanisani, na baadhi ya wanajumuiya walitaka twende tukachume kahawa yake kufidia deni. Tulibishana karibu jioni nzima, tukaimba, tukaomba, tukabishana tena. Mwishowe tulikubaliana kumpa msimu mmoja zaidi, na mama yule mjane, ambaye sasa ndiye mweka hazina, akaliandika deni hilo upya kwenye ukurasa mpya wa daftari.