h kwanza, paka baadaye

Mwalimu anayefungua mada ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo kama atomu) kwa paka wa Schrödinger, yule wa kufikirika aliye hai na mfu kwa pamoja ndani ya sanduku, anajitafutia tabu. Paka yule alitungwa mwaka 1935 ili kuibishia tafsiri ya kwanta ya mwanafizikia Niels Bohr na wenzake; mwanafunzi asiyejua ubishi ulikuwa wa nini atabaki na kichekesho tu. Aanze na h, namba ndogo isiyobadilika inayounganisha nishati na masafa ya mwanga. Atomu ya Bohr (1913), mawimbi ya de Broglie (1924) na kanuni ya Heisenberg (1927) zote zimeibeba.

Kwa mwanafunzi wa Mwanza, h inaelea ziwani kwenye taa za wavuvi wa dagaa. Karabai ni swali la Max Planck: kitu cha moto hung'aa, ila hesabu za zamani zilidai kitoe nishati isiyo na kikomo kwenye mawimbi mafupi. Desemba 1900, Berlin, Planck alidhani nishati hutoka kwa mafungu, kila fungu likiwa h mara masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde). Hakulipenda sana wazo lake mwenyewe. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe ndio mafungu. Mwanafizikia Robert Millikan alipima miaka mingi bila kumwamini, na mwaka 1916 vipimo vyake vikaipa nguvu hesabu ya Einstein.

LED, kitaa kidogo cha elektroniki, ndiyo inayopimika mezani: volteji inayoiwasha huendana na nishati ya fungu moja la mwanga wake. Tafuta betri ya volti 9, potenshiometa (kizuia umeme cha kuzungusha) ya omu 1,000, rezista (kizuia umeme kisichobadilika) ya omu 330, maltimita ya kupimia volteji, na LED zenye plastiki isiyo na rangi: nyekundu (nanomita 630), njano (590) na buluu (470). Miguu ya pembeni ya potenshiometa iende kwenye betri. Wa katikati upite kwenye rezista, kisha LED, urudi hasi. Maltimita iguse miguu ya LED, si betri. Ivalishe LED ganda la kalamu lililozungushiwa utepe mweusi, zungusha potenshiometa polepole, andika volteji mwanga unapoanza tu kuonekana.

Usikokotoe kwa LED moja, kwa sababu jicho lina kosa lake. Chora grafu ya volteji na masafa, kisha zidisha mteremko kwa chaji ya elektroni. Kutoka nyekundu hadi buluu masafa hupanda kwa hezi 1.62 × 10¹⁴. Volteji zikipishana kwa volti 0.67, h ni 6.6 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde. Kukosea kwa asilimia 10 au hata 20 si aibu.

Jibu likiwa la ajabu, mara nyingi LED ilisomwa ikiwaka sana, ukinzani wake wa ndani ukaongeza volteji. Ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 9, inaungua. Na usifungue taa nyeupe ya mvuvi: ndani mna LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga. Maltimita itasoma volteji ya buluu, nawe utakuwa na weupe usio na masafa mamoja ya kuweka kwenye grafu.