Geuza Sado Uone Kitako Chake

Jumamosi iliyopita nilinunua maharage ya njano sado mbili, yaani makopo mawili ya rangi yanayotumika kupimia, sokoni hapa Moshi, na muuzaji, mama wa makamo mwenye maneno matamu, alipomaliza kunipimia alichota ngumi moja zaidi akaitia kwenye mfuko wangu huku akisema, "Hiyo ni nyongeza yako, dada." Nilimshukuru. Naandika hivyo kwa aibu, kwa kuwa nilipofika nyumbani na kuyaweka maharage yale kwenye mzani ninaopimia unga wa keki, kila sado ilitoa kilo 2 na gramu 600, ilhali sado niliyonunua mwezi uliotangulia kwa muuzaji mwingine, maharage ya aina hiyohiyo, ilitoa kilo 3 na ushee. Nilipunjwa karibu kilo nzima, kisha nikatoa shukrani kwa ngumi moja iliyochotwa katika haki yangu mwenyewe.

Jumatatu nilirudi kumwomba anionyeshe kitako cha sado yake. Kilikuwa kimepashwa moto na kusukumwa ndani hadi kikafanya kichuguu tumboni mwa kopo, jambo ambalo mtu anayelitazama kopo kwa juu, likiwa limejaa hadi kilele, hawezi kulijua kamwe. Nilitarajia akane au anitukane. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nikipima kwa sado nzima itabidi bei yangu iwe juu kuliko ya hawa wote, na wewe mwenyewe utanipita."

Jibu hilo limeninyima usingizi kuliko kilo yangu iliyopotea, kwa sababu ni la kweli. Sisi wanunuzi huuliza "sado shilingi ngapi?" na kumkimbilia anayetaja bei ndogo, bila kuuliza sado hiyo ina nini ndani yake, na kwa hiyo muuzaji mwaminifu katika safu ile ndiye anayeonekana mlanguzi. Mmoja akibonyeza kopo lake, jirani yake ana njia mbili tu: naye abonyeze, au arudi nyumbani na gunia lake. Ndiyo maana wimbo wa kila siku kwamba "mlaji awe makini" unanikera. Niwe makini na nini, ikiwa sado ni kopo la rangi ambalo halikuwahi kuwa kipimo? Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, Wakala wa Vipimo upo, na mizani hukaguliwa na kugongwa chapa, lakini kopo la rangi halina mahali pa kugongwa chapa hiyo.

Tena dhuluma hii ina ncha mbili. Mkulima wa viazi kule Siha hufuatwa shambani na mnunuzi mwenye lori anayemtaka ajaze lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ingawa gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na hulipwa bei ya gunia moja. Mkulima huyohuyo akishuka mjini na fedha hizo kununua maharage, anakutana na kopo lililobonyezwa. Kipimo huvimba anapouza na husinyaa anaponunua.

Mkusanya ushuru, kwa upande wake, hupita kila asubuhi na mashine yake mkononi, na hajawahi kukosea hata shilingi moja. Je, macho yale makali hayawezi kugeuza kopo moja tu njiani?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nasi tuna sehemu yetu. Nilipokuwa nimeinama kukagua kile kitako, mzee mmoja nyuma yangu aliguna akauliza kama nimekuja kununua maharage au kufanya upelelezi, na watu wakacheka, nami nikajiona mnoko. Tumelelewa kuamini kwamba kuhakiki kipimo ni kumvunjia mtu heshima. Ndiyo maana ni wachache wanaothubutu kuomba mtungi wa gesi upimwe mbele yao, ingawa uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe.

Ninachotaka ni kimoja: nafaka iuzwe kwa kilo, kwa mzani wenye chapa, na amri hiyo ianze siku moja kwa safu nzima, ili yule mama asibaki peke yake na bei ya kweli. Akitakiwa aanze yeye kwanza, atafilisika kabla ya mwezi kwisha.

Kwa sasa maharage nanunua kwa mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, ambaye mzani wake una stika ya ukaguzi ya mwaka huu. Bei yake iko juu, na hatoi nyongeza.